Faili ngapi za mauziano ya nyumba na viwanja zinamtosha mratibu mmoja, Arusha na Moshi?

Mratibu_Njiro (#1)
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wanaoratibu mauziano ya nyumba na viwanja. Namaanisha yule anayeshika faili kuanzia siku mkataba unaposainiwa kwa wakili hadi siku hati inapotoka ikiwa na jina la mnunuzi. Siyo dalali, siyo wakili. Ni yule anayepigiwa simu na pande zote mbili saa mbili usiku: "imefikia wapi?"

Dai langu: faili 12 zilizo hai ndiyo mwisho wa mtu mmoja. Ya 13 ikiingia kuna kitu kitadondoka, na mara nyingi kinachodondoka ni kidogo: nakala ya TIN, picha ndogo za mnunuzi, salio la pango la ardhi la mwaka mmoja ambalo hakuna aliyeliangalia.

Hesabu naitoa kwenye hatua. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati kina mambo 9: upekuzi (kukagua kumbukumbu za hati) kwa Msajili wa Hati, kodi ya pango, ridhaa ya mwenza, uthamini mpaka uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, fomu namba 29, 30 na 35, kodi ya ongezeko la mtaji TRA, ushuru wa stempu, kibali cha uhamisho, halafu usajili wenyewe. Kila hatua unaigusa si chini ya mara mbili, kupeleka na kufuata. Hiyo ni 18 kwa faili, na kwa faili 12 ni 216. Zigawe kwa siku 65 za kazi ndani ya miezi mitatu: zaidi ya 3 kila siku, kabla hujapokea simu hata moja.

Ninyi mnabeba ngapi, na mnahesabuje?

Kihamba_Rau (#2)
Heshima mkuu. Kuhesabu faili ni kama kuhesabu magunia bila kuuliza ndani mna nini. Faili moja ya mirathi inakula muda wa tatu safi.

Hesabu kwa uzito. Hati ipo, mmiliki mmoja yuko hai, mwenza yuko mjini, hakuna rehani: uzito 1. Muuzaji ni kampuni: 2, kwa sababu unahitaji azimio la wakurugenzi, kumbukumbu za BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) ziwe za sasa, na anayesaini awe ndiye aliyetajwa kwenye azimio. Nyumba ina rehani benki: 2. Mirathi: 3, na kama msimamizi hajaandikwa bado kwenye daftari la Msajili, weka 4. Kiwanja hakijapimwa: 3.

Mtu mmoja asizidi uzito 20. Zinaweza kuwa faili 20 nyepesi au 6 nzito. Hiyo 12 yako inaweza kuwa mzigo wa watu wawili au wa nusu mtu.

Sanawari_Juu (#3)
Nakazia #2, ila ongezeni mnunuzi mwenyewe. Faili ya uzito 1 yenye mnunuzi aliye nje ya nchi ni uzito 2. Akisaini kwa nguvu ya wakala, ile hati ya uwakilishi nayo inatakiwa isajiliwe kabla ya kutumika kwenye uhamisho. Watu wanaikumbuka siku ya kuwasilisha.

Themi_Kando (#4)
Mimi sikubaliani na #1 wala #2. Faili iliyoko mezani kwa mthamini haikuhitaji leo. Inahitaji tarehe ya kuulizia na jina la mtu wa kumuulizia, basi. Kinachochosha ni faili ambazo hatua inayofuata ni yako wewe.

Gawa makundi mawili. Kundi la kwanza ni faili za mkononi: zisizidi 5 kwa wakati mmoja. Kundi la pili ni faili zinazosubiri mtu mwingine, na hizo hata 25 zinabebeka, kwa sharti moja: kila moja iwe na tarehe ya kuulizia iliyoandikwa. Faili inayosubiri bila tarehe ndiyo inayolala miezi miwili mnunuzi akidhani iko kwa Kamishna wa Ardhi, kumbe iko kwenye droo ya muuzaji.

Asubuhi unafungua za mkononi, unapita kwenye tarehe za leo za zinazosubiri, umemaliza.

Mratibu_Njiro (#5)
#4 nimekusoma, lakini zinazosubiri huwa zinarudi kwa mkupuo. Mthamini akirudishiwa ripoti 8 zilizoidhinishwa siku moja, una faili 8 mkononi Jumanne saa nne. Ndiyo maana mimi nahesabu zote.

Themi_Kando (#6)
Basi usipeleke 8 siku moja. Peleka 3 kila wiki. Zitarudi kwa mpangilio ulioupeleka, takribani.

Karani_Wakili (#7)
Wakuu, mnagombania namba wakati mizunguko mingi ni ya kujitakia. Hatua ya fomu kwenye orodha ya #1 inazalisha safari nne pale ambapo ingetosha moja. Siku ya kusaini mkataba, watu wote wako kwa wakili: muuzaji, mnunuzi, mwenza. Saini kila kitu pale pale. Mkataba, fomu 29 ya taarifa ya uhamisho, fomu 30 ya maombi ya kibali, fomu 35 ya uhamisho wenyewe, na kiapo cha ridhaa cha mwenza. Chukua picha ndogo za pande zote, nakala za NIDA, nakala za TIN. Kila fomu nakala tatu, zote ziwe na sahihi halisi, si fotokopi ya sahihi.

Ukikosa kimoja siku hiyo, usiandike faili kuwa imefunguliwa. Iandike "pungufu", na isiingie kwenye hesabu ya mtu yeyote mpaka ikamilike. Nusu ya mzigo mnaoulalamikia ni faili ambazo hazikupaswa kuwa zimefunguliwa.

Stempu_Siku30 (#8)
#7 umesema vizuri, ila hapo pana mtego. Ushuru wa stempu, asilimia 1, unatakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu hati iliposainiwa. Ukisaini fomu 35 siku ya mkataba, na uthamini ukachukua wiki tano, umeshaingia kwenye adhabu kabla hujajua thamani ya kukokotolea.

Wengine wanaacha nafasi ya tarehe wazi. Msifanye hivyo. Wakili anayeshuhudia anatakiwa aandike mahali na tarehe pale sahihi ilipowekwa, na fomu yenye kasoro hapo inarudishwa au, mbaya zaidi, inapingwa mahakamani baadaye.

Njia yangu: mkataba, 29, 30 na ridhaa ya mwenza siku ya kwanza. Fomu 35 isainiwe thamani ikishaidhinishwa. Ni safari moja ya ziada, lakini ni safari unayoijua.

Karani_Wakili (#9)
Safari moja kama muuzaji anakaa Kijenge. Kama amekuja kutoka Dodoma kwa basi, hiyo safari moja ni wiki mbili. Jibu ni kuanza uthamini kabla ya mkataba. Ripoti ikishakuwepo, mkataba na fomu 35 vinasainiwa siku moja na siku 30 zinatosha.

Stempu_Siku30 (#10)
Na mnunuzi akighairi, ada ya mthamini nani analipa?

Karani_Wakili (#11)
Muuzaji. Uthamini ni wa nyumba yake, na mnunuzi wa pili atautumia kama haujapitwa na wakati.

Olasiti_Mpya (#12)
Habari zenu. Naomba kuelewa kwenye kodi ya TRA. Ni asilimia 10 ya bei ya kuuzia, sivyo? Wauzaji wananikimbia nikiwatajia.

Hesabu_Kaloleni (#13)
Hapana #12, na ukiwatajia hivyo lazima wakimbie. Ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi, siyo ya bei. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua na kuendeleza zenye vielelezo.

Chukua mfano. Kiwanja kilinunuliwa milioni 20, nyumba ikajengwa kwa milioni 45 na risiti zipo. Inauzwa milioni 95. Faida ni milioni 30, kodi ni milioni 3. Kama muuzaji hana kumbukumbu zozote za gharama, tangu Sheria ya Fedha ya 2023 inatumika asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Kwa milioni 95 ni 2,850,000. Uthamini ukija milioni 110, inakuwa 3,300,000.

Hapo ndipo faili zinapokwama. Muuzaji alijiandaa kwa hesabu ya bei, ofisi inakokotoa kwa thamani. Inabaki tofauti ya laki nne na nusu, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Mkataba uandike mambo mawili waziwazi: nani analipa kodi ipi, na kama thamani ikizidi bei nani anabeba tofauti. Pia sehemu ya mwisho ya malipo ibaki kwa wakili mpaka cheti cha kodi kitoke, kwa sababu bila hicho Msajili hasajili.

Kuna misamaha pia. Nyumba ambayo mtu amemiliki na kuishi miaka 3 au zaidi, faida isipozidi milioni 15, haitozwi. Shamba lenye thamani chini ya milioni 10 ambalo limelimwa angalau miaka 2 kati ya 3 ya mwisho, vilevile. Uliza hayo siku ya kwanza, usisubiri bili itoke.

Olasiti_Mpya (#14)
Shukrani sana #13. Hiyo ya nyumba ya kuishi sikuwahi kuisikia.

Kihamba_Rau (#15)
Na ndiyo maana nasema uzito. Muuzaji mwenye bahasha ya risiti ni uzito 1. Muuzaji mwenye "nilijenga kidogo kidogo tangu 2009" ni uzito 2.

Usa_Mto (#16)
Jambo lingine linalokula siku: kupeleka faili halmashauri isiyohusika. Kisongo na Ngaramtoni ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Usa River na Tengeru ni Meru. Moshono, Olmoti, Muriet na Olasiti ni Jiji. Tangazo la dalali linasema "Arusha" kwa vyote. Angalia namba ya ramani ya upimaji na jina la halmashauri kwenye hati, usiangalie tangazo.

Kwa Moshi ni vilevile: Manispaa ni kitu kimoja, Kibosho na Himo ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, Machame ni Hai.

Pasua_Stendi (#17)
#16 umesaidia wengi. Ongezea na safari za Moshi. Hati za Arusha zote zinasajiliwa Moshi, kwa hiyo mratibu wa Arusha tenga siku moja ya wiki ya basi na kusubiri masijala. Sisi wa Moshi tunatembea kwa miguu tu 😀 Karibuni mhamie.

Usa_Mto (#18)
Hiyo ni taarifa ya zamani mkuu. Ofisi ya kanda ilikuwa Moshi na ilihudumia mikoa ya kaskazini, kweli. Tangu 2020 wizara ilifungua ofisi za ardhi za mikoa, na Arusha ina yake. Majalada ya miaka ya nyuma ndiyo ya kuulizia mapema yaliko, hasa hati za miaka ya 1980 na 1990, kabla hujamwahidi mteja tarehe. Ya kuhamia Moshi tutalizungumza siku ndizi zikishuka bei.

Pasua_Stendi (#19)
Zimeshashuka, njoo Kiboriloni uone.

Jina_Moja (#20)
Wakuu turudi. Kwenye kudondosha vitu, hakuna kinachoongoza kama majina. Hati inasema Molel, NIDA inasema Mollel. Hati ina majina mawili, NIDA ina matatu. Mwanamke alinunua kwa jina la baba, sasa NIDA ina jina la mume. Unaligundua TRA, kwa sababu TIN inavuta jina la NIDA, halafu unarudi nyuma hatua zote.

Siku ya kwanza panga karatasi nne mezani mstari mmoja: hati, NIDA, TIN, cheti cha ndoa. Soma majina herufi kwa herufi, ukianza la kwanza. Tofauti ya tahajia au jina kupungua: kiapo cha wakili kinachosema majina yote ni ya mtu mmoja. Jina limebadilishwa kabisa: hati ya kubadili jina, isajiliwe, na hiyo ina muda wake. Kazi ya dakika 10 inayookoa wiki tatu. Ukifanya hivyo unaweza kubeba zaidi ya 12 bila shida.

Mama_Faili (#21)
Nakubaliana kabisa na #20. Kwa ridhaa ya mwenza fanyeni vivyo hivyo, msiishie kuuliza "umeoa?" Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamlinda mwenza kwenye nyumba ya ndoa hata kama jina lake halimo kwenye hati. Muuzaji aliyeachika alete talaka ya mahakama. Ambaye hajaoa anaapa. Mjane analeta cheti cha kifo, na kama nyumba ilikuwa ya marehemu, hapo hakuna mauziano kabla ya usimamizi wa mirathi. Mwenye wake zaidi ya mmoja, na kwa huku kwetu si wachache, uliza anayeishi kwenye nyumba hiyo ni nani, kisha chukua ridhaa ya wote. Ridhaa moja inayokosekana inafungua zuio kwa Msajili, na zuio likishawekwa faili yako haihesabiki tena kwa wiki.

Ndiyo maana upekuzi ni mara mbili: kabla ya mkataba na kabla ya malipo ya mwisho. Upekuzi wa Machi haukuambii kitu kuhusu Juni. Kwa hiyo #1 hatua zako ni 10, siyo 9.

Mratibu_Njiro (#22)
Sawa Mama_Faili, 10. Inazidi kunipa nguvu kwenye 12 yangu.

Kihamba_Rau (#23)
Bado hamjagusa Moshi Vijijini. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, hakina hati ya Msajili. Ni ardhi ya kijiji, ukibahatika kina hati miliki ya kimila. Anayenunua akiwa si mkazi wa kijiji, Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie na muhtasari wa kikao uwepo, wenye mahudhurio na sahihi. Kabla ya hapo kuna kikao cha ukoo: kaka wote, na siku hizi dada pia, kwa sababu akiachwa mmoja ndiye atakayekwenda Baraza la Ardhi. Makaburi yako humo ndani, migomba na kahawa vina mwenyewe, na njia ya kwenda mfereji inapita katikati. Vyote viandikwe: makaburi yanabaki na haki ya kupitia, mazao ya msimu huu ni ya nani, njia ina upana gani.

Kazi ya aina hiyo usiiweke kwenye hesabu ya faili kabisa. Iite maandalizi. Iwe faili siku muhtasari wa kijiji ukishasainiwa.

Bikoni_Muriet (#24)
Na mratibu asiende kuhakiki mipaka mwenyewe. Mpe mpima. Muriet na upande wa Olmoti, ambako viwanja vimepanda kwa sababu ya uwanja wa AFCON 2027, bikoni (mawe ya mipaka) zinang'olewa au kufukiwa wakati wa kusawazisha. Udongo mweusi ukilowa masika unavimba, bikoni iliyozikwa juujuu inalala. Ukienda Aprili na picha ya simu utaona jiwe moja kati ya manne na kusema "mipaka ipo". Mpima anakuja na viwianishi vya ramani iliyoidhinishwa, anakuonyesha kona zote, anaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Majirani wa pande zote wawepo siku hiyo. Kwa mratibu hiyo ni simu moja, badala ya nusu siku na viatu vya matope.

Dalali_Mkweli (#25)
Mimi ni dalali na nawasoma tu. Mnavyotusema kwenye matangazo! Ila ukweli ni kwamba mratibu anabeba faili nyingi kwa sababu ya namna anavyolipwa. Akilipwa siku hati inapotoka tu, atachukua kila faili inayopita ili mwezi usiwe mkavu. Mlipe kwa vipande: theluthi faili ikishakamilika kama #7 alivyosema, theluthi ikiwasilishwa kwa Msajili, theluthi hati ikitoka. Mzigo utapungua wenyewe.

Hesabu_Kaloleni (#26)
Wazo zuri. Na iwe ada maalum, siyo asilimia ya bei. Nyumba ya milioni 300 yenye hati safi ni kazi ndogo kuliko kiwanja cha milioni 15 cha mirathi.

Sanawari_Juu (#27)
Dalali leo kaongea kama mtu wa mahesabu. Na ile asilimia yenu nayo igawanywe theluthi?

Dalali_Mkweli (#28)
Ya kwetu tuiache ilivyo mkuu 😀 Sisi kazi yetu inaisha mkataba ukisainiwa.

Ujumbe_Alhamisi (#29)
Hakuna aliyetaja simu, na simu ndizo zinazomaliza siku. Faili 12 zina watu si chini ya 36: muuzaji, mnunuzi, dalali. Kila mmoja akipiga mara mbili kwa wiki ni simu 72.

Tuma taarifa siku mbili zisizobadilika, Jumatatu na Alhamisi kabla ya saa sita, hata kama hakuna jipya. Ujumbe uwe hivi:

"Faili 07, Moshono. Alhamisi. Uthamini: umepelekwa, unasubiri kuidhinishwa. Pango: limelipwa hadi 30 Juni. Tunachohitaji kwako: nakala ya TIN, kabla ya Jumatatu. Taarifa ijayo: Jumatatu."

Mistari mitano. Mstari wa "tunachohitaji kwako" ndiyo wa maana, kwa sababu unambadilisha anayeuliza kuwa anayedaiwa. Wiki ya tatu watu wanaacha kupiga.

Themi_Kando (#30)
Unawatumia kwenye kundi moja la WhatsApp au mmoja mmoja?

Ujumbe_Alhamisi (#31)
Kundi moja la faili. Kila mtu anaona nani anachelewesha.

Mama_Faili (#32)
Hapana jamani. Kundi moja linamuonyesha mnunuzi mambo ya kodi na familia ya muuzaji, na dalali wa pili akiingizwa anajua bei. Barua ya benki ya deni la mtu haiwekwi kwenye kundi. Mmoja mmoja, nakili na kubandika, dakika 20 tu kwa faili zote.

Ujumbe_Alhamisi (#33)
Nyaraka hazipandi kwenye kundi, ni hali ya faili peke yake. Ila kwa familia zenye mgogoro nakubali, mmoja mmoja.

Mwaka_Julai (#34)
Kalenda nayo muiangalie. Tarehe 1 Julai bili mpya ya pango inaamka. Faili iliyothibitishwa haina deni Mei, ikifika kwa Msajili Julai inaonekana inadaiwa. Mei na Juni usifungue faili mpya kama unazo ambazo hazijavuka kibali, sukuma hizo kwanza.

Desemba ni kinyume. Wachaga wote wako nyumbani, ndugu wa Dar na wa Mwanza wako meza moja. Hapo chukua sahihi: vikao vya ukoo, ridhaa, fomu. Usipange kuwasilisha chochote kati ya Krismasi na wiki ya kwanza ya Januari, maafisa wenye kusaini wako likizo. Kwa hiyo hiyo 12 au 20 yenu haiwezi kuwa namba moja mwaka mzima. Desemba unaweza kufungua 15, Juni usizidi 7.

Pasua_Stendi (#35)
Hapo kwa Desemba umetupiga picha kabisa. Ndugu wakishakula ndafu wanasaini vizuri.

Sanawari_Juu (#36)
Wasaini kabla ya mbege lakini, wakili asikatae.

Luku_Token (#37)
Naongeza la mwisho wa faili, ambalo wengi wanalisahau kwa sababu hati imeshatoka. Mita ya LUKU ibadilishwe jina TANESCO. Kodi ya majengo inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba iliyokaa tupu mwaka mzima bila kununua umeme ina 18,000 inayosubiri, na mnunuzi akiweka umeme wa 10,000 siku ya kwanza anapata sifuri, anampigia nani? Mratibu. Nyumba yenye mita mbili iangaliwe isikatwe mara mbili. Maji vilevile, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi: piga picha ya mita siku ya kukabidhi funguo, namba zionekane, pande zote ziwepo.

Karani_Wakili (#38)
Nakazia picha ya mita. Iandikwe kwenye fomu ya makabidhiano pamoja na idadi ya funguo.

Mratibu_Njiro (#39)
Asanteni wote. Nimechukua "pungufu" ya #7, tarehe za #4 na karatasi nne za #20. Kwenye 12 bado sijahama, maana uzito wa #2 unahitaji mtu aujue kabla hajafungua faili, na mirathi nyingi zinajionyesha katikati.

Swali moja: kwenye rehani, #2 umeweka uzito 2. Hati halisi iko benki, mnunuzi hataki kulipa bila kuiona, benki haitoi bila kulipwa. Mnaipangaje?

Kihamba_Rau (#40)
Benki inatoa barua ya salio la deni, ina tarehe ya mwisho kwa sababu riba inaendelea kukua. Mkataba uwe wa pande tatu au mawakili waandikiane ahadi: fedha ya mnunuzi inalipa deni moja kwa moja benki, benki inaahidi kwa maandishi kutoa hati na fomu ya kuondoa rehani kwa wakili wa mnunuzi, kinachobaki kinakwenda kwa muuzaji. Kuondoa rehani kunasajiliwa kwanza, uhamisho unafuata, unaweza kuziwasilisha pamoja kwa mpangilio huo. Barua ya salio ikibakiza siku 3 na fedha haijafika, omba mpya siku hiyo hiyo, usisubiri iishe.

Themi_Kando (#41)
Na usiamini neno la muuzaji kwamba deni ni moja. Soma upekuzi sehemu ya rehani mpaka mwisho. Mkopo wa nyongeza huwa na usajili wake, na kila usajili unaondolewa kwa fomu yake.

Jina_Moja (#42)
Na jina la benki kwenye rehani. Kuna benki zimebadilisha jina au kuungana baada ya mkopo kusajiliwa. Fomu ya kuondoa ikija na jina jipya, ambatisha cheti cha mabadiliko, la sivyo inarudi.